Uzi: Hela ya mezani – hesabu siku na kilo kwanza, shilingi zifuate

#1 Mama Kilo

Wakuu, salaam. Malengo ya mwaka mpya yameshaandikwa, na kwa akina mama wengi namba moja ni "kubana matumizi ya nyumbani". Tuliweke sawa hapa kwa vipimo, maana neno kubana peke yake halipiki.

Bajeti nyingi za chakula zinakufa kwa sababu mbili. Zinaandikwa kwa shilingi wakati tumbo linakula gramu. Halafu zinahesabu mwezi kuwa wiki nne, wakati mwezi ni wiki nne na siku mbili au tatu. Hizo siku za mkiani ndizo za kwenda kwa mangi (mwenye duka la mtaani) kukopa kwa daftari.

Januari ni mbaya zaidi, na si uchawi. Mshahara wa Desemba hutoka mapema kwa ajili ya sikukuu. Ukitoka tarehe 20 Desemba na unaofuata ukatoka 25 Januari, hizo ni siku 36. Bajeti ya siku 30 inaishia tarehe 19, hata kama hukufanya anasa yoyote. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kalenda: hesabu siku kutoka hela hadi hela, ndipo uandike chochote.

Mfano wangu ni nyumba ya watu sita: watu wazima wawili, watoto watatu, na dada wa kazi. Siku za kazi wazazi na watoto wakubwa wanakula mchana nje; nyumbani wanabaki dada na mtoto mdogo. Kwa siku 30 kuna chakula cha usiku mara 30 na cha mchana cha wote mara 8 wikiendi, jumla milo mikubwa 38.

Ugali mara 20, gramu 900 za unga kila mara: kilo 18. Wali mara 11, gramu 750 za mchele: kilo 8 na robo, sema 9. Mara 7 zilizobaki ni ndizi, viazi, tambi na makande. Ongeza mchana wa wale wawili: unga kilo 3, mchele kilo 3. Tunafika unga kilo 21, mchele kilo 12.

Kitoweo kwa milo hiyo 38: maharage mara 8 (nusu kilo kavu kila mara), dagaa mara 7 (robo kilo), choroko au kunde mara 5, nyama mara 4, samaki mara 4, mayai mara 3, kuku mara 1, makande mara 2, na mara 4 majani yaliyoungwa kwa karanga bila kitu kingine. Ukijumlisha: maharage kilo 5 pamoja na ya makande, dagaa kilo 2, choroko kilo 2 na nusu, nyama kilo 3, mayai trei moja.

Mafuta mililita 100 kwa siku, yaani lita 3. Sukari gramu 100 kwa siku, kilo 3. Unga wa uji gramu 100 kwa lita moja ya uji kila asubuhi, kilo 3.

Ukishapata kilo, chukua karatasi nenda sokoni kwako uweke bei. Kama jumla imezidi hela iliyopo, unapunguza mlo unaojulikana (nyama mara 4 ziwe 2, samaki wakubwa wawe vibua). Hupunguzi "kwa ujumla". Ukipunguza kwa ujumla utakuwa unapunguza kila siku kidogo hadi wiki ya tatu, kisha unachoka.

Jambo la mwisho kwenye bandiko hili: makopo matano. Sukari, mafuta na unga vigawe siku ile ile vilipoingia ndani. Sukari gramu 700 kwa kila wiki, makopo manne, na kopo la tano dogo la gramu 200. Mafuta mililita 700 mara nne na 200 ya mwisho. Kopo la tano ni la siku ya 29 na ya 30. Likiguswa kabla, maana yake kuna wiki haikupimwa.

#2 jiko_dogo

Kilo 21 za unga kwa watu sita wakati watatu ni watoto? Mbona nyingi.

#3 Mama Kilo

Inategemea umri na kazi, ndiyo maana lazima upime kwako. Wiki ya kwanza usibadilishe kitu. Pima unga kabla haujaingia kwenye maji, kisha pima ugali uliobaki pamoja na uliong'ang'ania sufuria. Kama kila usiku kinabaki kipande cha kama nusu kilo, punguza gramu 150 za unga kesho yake. Kumbuka kilo ya unga hunywa maji lita moja na nusu hadi mbili kulingana na unavyoupenda, kwa hiyo nusu kilo ya ugali si nusu kilo ya unga.

Kama huna mizani, tafuta kikombe kimoja kisichobadilika. Nenda nacho dukani, mwambie mangi akupimie unga uliojaa kikombe kile. Andika uzito chini ya kikombe kwa kalamu isiyofutika. Mchele na sukari pia, kwa sababu uzito wao si sawa na wa unga.

#4 Mzee wa Tandale

Nichangie upande wa nafaka, maana hapo ndipo pesa inaokolewa au inaoza.

Gunia la kilo 100 za mahindi ni kama debe 6. Ukikoboa na kusaga sembe unapata takriban kilo 70 hadi 75, zilizobaki ni pumba. Pumba ni zako, usiziache mashineni. Wafugaji wa kuku wananunua. Ukisaga dona, yaani bila kukoboa, karibu mahindi yote yanarudi kuwa unga. Kwa hiyo ukilinganisha bei ya kusaga mwenyewe na unga wa pakiti, usigawanye bei ya gunia kwa 100. Gawanya kwa 72, kisha jumlisha kukoboa, kusaga na nauli ya bajaji. Wengi wanakosea hapo halafu wanashangaa "mbona sijaokoa kitu".

Dona haikai. Ina kiini cha mahindi chenye mafuta, na mafuta yale yanachacha kwenye joto la Dar. Saga ya wiki mbili, tatu ukizidisha. Sembe inavumilia zaidi. Mahindi yenyewe ndiyo yanayokaa, basi tunza mahindi, saga kidogo kidogo.

Kabla ya kununua gunia pima ukavu. Chukua chupa ya kioo kavu, tia mahindi robo ya chupa na vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi yana unyevu, waachie wenyewe. Mahindi mabichi yanaota ukungu, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu. Watu walikufa Dodoma na Manyara mwaka 2016 kwa hiyo. Kupika hakuiondoi. Punje zilizooza, zilizobadilika rangi au kusinyaa zichambue na kuzitupa, usiwape kuku.

Dumuzi na fukusi: mfuko wa tabaka tatu (PICS, wengine wanauita kinga njaa) unatosha bila dawa. Jaza, kamua hewa, funga kila tabaka peke yake, usiufungue hovyo wiki za mwanzo maana wadudu wanakufa kwa kukosa hewa. Ukiufungua kila siku kuchota, ni gunia la kawaida tu ulilolinunua ghali.

Na sado (kopo la kupimia sokoni): hakuna sado moja duniani. Nyingine imebonyezwa kitako, nyingine muuzaji anaweka kidole gumba ndani. Nunua kwa mizani.

#5 Shangazi Mdogo

Napingana kidogo na uzi. Hii ya kununua jumla inapendeza kwenye karatasi. Kikiwa kingi kinapikwa kingi, na majirani wanajua. Dumu la lita 5 la mafuta likiwa jikoni, chipsi zinapikwa Jumatano bila sababu. Pia nyumba nyingi hazina hela ya mwezi. Zina hela ya leo. Mtu anaachiwa mezani elfu kumi asubuhi, gunia atalinunua lini?

#6 Nairobi Mashariki

Huku kwetu Kenya kununua kidogo kidogo kwa hela ya leo tunakuita kadogo, na Njaanuari inatupata sawasawa na nyinyi. Shangazi ana hoja. Lakini piga hesabu ya kadogo vile inavyokula mtu polepole. Chukulia dumu la lita 5 ni 30,000 za huko kwenu, lita inakuja 6,000. Mafuta ya kupima ya 500 yakiwa mililita 60, lita imekugharimu zaidi ya 8,300. Kwa lita 3 za mwezi unapoteza karibu 7,000 kwa kitu kimoja tu.

Kitu kinachofanya kazi bila pesa kubwa ni kuanza na kitu kimoja. Wiki hii akiba ndogo inanunua gorogoro moja ya mahindi, kama kilo mbili, mbele ya matumizi. Wiki ijayo tena moja. Usianze na mafuta kwa sababu mafuta ndiyo yanavutia mkono, kama Shangazi alivyosema.

#7 Mama Kilo

Shangazi, asante, hoja yako imenifanya niweke wazi jambo. Mafuta ya dumu hayakai jikoni. Dumu linakaa chumbani, jikoni kuna chupa ya wiki. Bila hilo, kununua jumla ni hasara kweli.

Kwa nyumba ya hela ya kila siku, lengo la Januari lisiwe gunia. Lengo liwe kuwa siku moja mbele. Yaani ifikapo jioni, chakula cha kesho kipo ndani tayari. Njia: kwenye elfu kumi, toa elfu moja kabla hujatoka nyumbani, iende kwenye nafaka kavu tu. Kwa siku kumi na zaidi kidogo unakuwa na mchele na maharage ya siku kadhaa. Siku hela isipoachwa au ikiachwa pungufu, nyumba haikopi. Ukishafika siku saba mbele, ndipo uzungumze na baba watoto juu ya kuacha hela ya wiki. Uende na karatasi ya kilo. Mwanamume anayeona "unga kilo 5, maharage kilo moja na robo, mafuta nusu lita na robo" anabishana kidogo kuliko anayeambiwa "hela haitoshi". Omba wiki ya nafaka tu kwanza, mboga ibaki ya kila siku.

#8 Bi Tembele

Mboga na kitoweo sasa.

Majani yanunuliwe kila siku mbili, si kwa wiki, hata kama una friji. Mchicha uliokaa siku nne unatupwa nusu. Unaponunua kwa fungu, linganisha na idadi ya wanaokula: mafungu matatu ya mchicha kwa watu sita yakishaiva yanakuwa kama kikombe kimoja na nusu, huwa hayatoshi. Tembele linajaza zaidi. Kisamvu ni rahisi lakini kitwangwe na kichemshwe vizuri bila kufunika mwanzoni, kibichi kina sumu. Na kinakula gesi nyingi, kipikwe kwa wingi kigandishwe.

Kiroba cha kilo 50, udongo ndoo mbili kwa mbolea ya ng'ombe iliyooza ndoo moja, toboa pembeni, chomeka vipando vya matembele vya urefu wa sentimita 30. Baada ya mwezi hivi unaanza kuchuma. Viroba vitatu vinakuepusha kwenda genge la mboga mara mbili kwa wiki. Hilo ndilo lengo la mwaka mpya ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu likishachomekwa halitaki nidhamu, linataka maji tu.

Dagaa wa Ziwa Victoria: wengi wameanikwa mchangani. Loweka kwenye maji ya vuguvugu, usiwasugue, kisha *waopoe* kwa mkono na mchanga ubaki chini. Ukimwaga kwenye chujio mchanga unarudi juu yao. Rudia mara tatu. Wakaange wakavu kidogo kabla ya kuunga, wanapoteza ile harufu inayowakimbiza watoto.

Samaki wa Feri (soko la samaki la Dar) ni wa asubuhi na wanataka watu wawili watatu wa kugawana. Ukienda peke yako kununua kilo moja, nauli imekula faida. Wasafishwe huko huko, nyumbani wafungwe kwa mlo mmoja mmoja. Samaki walioganda kwenye bonge moja wanayeyushwa wote, wanapikwa wote.

Nyanya zikishuka bei usinunue tenga zima kama huna pa kuzichemshia siku ile ile. Kilo 5 zikichemshwa na kusagwa hadi zikauke maji zinabaki kama lita mbili. Gandisha kwenye vikombe vidogo. Vitunguu vitandazwe penye hewa, mbali na viazi. Vikikaa pamoja vyote vinaharibika upesi.

#9 Mtungi Mmoja

Watu wanahesabu chakula wanasahau moto. Jiko la gesi dogo hutumia takriban gramu 150 hadi 200 kwa saa likiwa limewashwa vizuri. Mtungi wa kilo 6 basi ni saa 30 hadi 40. Maharage yasiyolowekwa saa mbili na nusu ni kama gramu 400, yaani sehemu ya kumi na tano ya mtungi kwa sufuria moja!

Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo. Chemsha kwa moto mkubwa hadi yachemke, dakika 10 kamili (maharage mekundu yasipochemka vizuri yanaumiza tumbo), kisha moto mdogo na mfuniko. Nyanya na ndimu baada ya kuiva, si kabla, kwa sababu uchachu unafanya ganda ligome. Yakigoma hata baada ya kulowekwa, ni ya zamani, yamekaa kwenye joto; magadi kidogo yatalainisha lakini yanaua vitamini na ladha. Mwenye duka abadilishwe.

Chemsha kilo 2 kwa mara moja, gawa mafungu manne, gandisha. Kila fungu ni mlo mmoja wa dakika 20. Hakuna friza? Basi chemsha ya milo miwili tu, usiku yachemke tena hadi yatokote, yafunikwe, yaliwe kesho mchana. Siku ya tatu hapana, hasa pwani. Wali usilale nje kabisa: kiporo cha wali kilichokaa kwenye joto kinaleta tumbo hata ukikipasha.

Unaponunua gesi, soma uzito wa mtungi mtupu uliogongwa kwenye kola, jumlisha 6, kisha pandisha mtungi kwenye mizani ya muuzaji. Pungufu ya gramu 500 ni milo. Nyumbani paka povu la sabuni kwenye maungio kabla ya kuwasha.

#10 Unit ya Mwisho

LUKU (umeme wa kulipia kabla): kama nyumba yako iko kwenye ile bei ya watumiaji wadogo, unit 75 kwa mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, ukizipita, za ziada zinapanda zaidi ya mara tatu. Friji ndogo nzima ni kama unit moja kwa siku, 30 zimekwenda. Pasi saa moja ni unit moja. Kwa hiyo pasi ya sare za watoto mara moja Jumapili, si kila asubuhi; kuipasha moto kila siku kunakula kuliko kunyoosha. Heta ya maji ya kuoga ndiyo inayowavusha wengi zile unit 75.

Jiko la presha la umeme lakini usiliogope. Maharage yaliyolowekwa ni kama theluthi hadi nusu ya unit. Linganisha na gramu 400 za gesi hapo juu.

Na usishangae umeme ukinunuliwa baada ya miezi miwili ukakatwa hela kubwa: kodi ya jengo inakusanywa humo tangu 2021, na usiponunua inajilimbikiza.

#11 jiko_dogo

Kifungua kinywa je? Mkate kila siku unamaliza hela kuliko hata kitoweo.

#12 Bi Tembele

Zungusha. Siku mbili viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha, siku mbili maandazi au chapati, siku mbili uji mzito na karanga, siku moja mkate kwa amani ya nyumba.

Kilo moja ya ngano inatoa chapati 12 hadi 14 au maandazi 30 na kitu. Maandazi: ngano kilo 1, sukari gramu 150, hamira kijiko kikubwa kimoja kisichojazwa sana, iliki, tui au maji vuguvugu kama nusu lita, mafuta vijiko viwili. Yanapokunywa mafuta tatizo ni moja kati ya matatu: mafuta hayajapata moto (tupia kipande, kikizama na kubaki chini, subiri), donge ni laini mno, au yameumuka kupita kiasi. Mafuta yaliyokaangia yachujwe yakiwa ya moto kiasi, yatumike kuungia ndani ya wiki, yasirudiwe kukaangia zaidi ya mara mbili tatu.

#13 Hesabu Ndogo

Niende kwenye malengo, maana yametajwa kwenye bandiko la kwanza kisha yakapotea kwenye maharage.

Madeni kwanza. Andika yote kwa riba ya mwezi, usiandike kwa ukubwa. Laki moja ya kausha damu (mkopo wa mtaani wa riba kubwa) kwa riba ya 20% kwa mwezi, ukilipa riba tu miezi mitatu umetoa elfu sitini na laki bado iko pale. Deni la mangi halina riba, lakini linakufunga kununua kwake kwa bei yake. Utaratibu: lipa kausha damu kwa kila unachoweza, kwa mangi nenda useme deni ni kiasi gani, gawa mara tatu, lipa kila mwezi theluthi, na tangu siku hiyo daftari lisiandikwe. Ukilipa huku unaandikisha upya, deni halishuki.

Shule. Ada ya sekondari za serikali ilifutwa hadi kidato cha nne tangu 2016, kidato cha tano na sita tangu 2022, lakini sare, viatu, kauntabuku, chakula cha mchana na michango vipo. Andika orodha ya Januari hii sasa hivi na bei ulizolipa, ukiwa na uchungu nazo. Jumla igawe kwa 10, kuanzia Februari hadi Novemba. Hiyo ndiyo ya kuweka kila mwezi. Kauntabuku na soksi zinunuliwe Oktoba na Novemba. Viatu visinunuliwe mapema, mguu wa mtoto haungoji.

Wenye vikoba (vikundi vya kuweka na kukopa): angalieni tarehe ya kuvunja, yaani ya kugawana akiba. Kikoba kinachovunjwa katikati ya Desemba kinakuwa cha sikukuu, mpende msipende. Kwenye kikao cha kwanza cha mwaka ombeni kivunjwe wiki ya kwanza ya Januari.

#14 Shangazi Mdogo

Hapo kwenye kikoba nakuunga mkono. Ila kutakuwa na wanachama wanaotaka kitenge cha Krismasi, mtapiga kura.

#15 Hesabu Ndogo

Basi wapewe faida Desemba, hisa zitoke Januari. Vikundi vingi vinakubali hivyo kuliko kusogeza yote.

#16 jiko_dogo

Swali la mwisho kwa Mama Kilo. Dada wa kazi anapika kwa macho, ukimwambia gramu anacheka. Na akiambiwa kila siku anaona anasimangwa.

#17 Mama Kilo

Usimpe gramu, mpe kikombe. Weka kikombe kimoja ndani ya ndoo ya unga na kisitoke humo. Bandika karatasi ukutani: "Ugali wa wote vikombe 6, wa wawili vikombe 2. Wali wa wote vikombe 4." Namba ziwe za kikombe chako baada ya kukipima. Mwambie akiona hakitoshi aongeze na aandike, kwa sababu yeye ndiye anayeona sufuria ikirudi tupu. Mara nyingi ni yeye anayekuja kukwambia kwamba Ijumaa vikombe vitano vinatosha.

Mafuta vilevile: toboa kifuniko cha chupa ya maji ya nusu lita tundu moja dogo la msumari. Anayemimina kutoka kwenye dumu hawezi kupima hata akitaka.